Seva ya mafaili inakufa mchana, usiku inaruka, umeme ukikatika ndo inakimbia zaidi. Msaada wakuu

dada_klipu

Habari za humu wakuu. Nipo Tanga mjini, Ngamiani, tunafanya video za harusi na sendofu, mi ndo naediti. Ofisini tuna seva ya kuhifadhia mafaili tuliyoiunga wenyewe, kompyuta ya mezani ya zamani yenye Debian (aina ya Linux) na ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski), diski nne za TB 4 kila moja kwenye RAIDZ1 (zinafanya kazi kama moja, ikifa moja data inabaki), RAM GB 16, inashea mafaili kwa Samba kwenda kompyuta tatu. Yote kwa waya, waifai hatutumii, swichi ni ya gigabiti. Siku zote nikikopi klipu kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda seva napata MB 100 mpaka 110 kwa sekunde, naenda kunywa chai nikirudi kadi imeisha.

Sasa tangu masika ianze mambo yamebadilika. Asubuhi nikifika mapema inakimbia vizuri tu, ikifika saa tatu saa nne hivi inaanza kufa, kopi inashuka MB 15, mara 4, mara inasimama kabisa sekunde kadhaa afu inaruka 40 inarudi 7. Kusoma afadhali kidogo ila nikiediti picha inakwama kwama mpaka kichwa kinauma. Baada ya magharibi inapona yenyewe. Nimezima kompyuta za wenzangu nikabaki peke yangu, vilevile. Nimezima seva nikawasha, vilevile. zpool status inasema hamna kosa, nafasi imejaa asilimia 71.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Umeme ukikatika tukahamia kwenye inveta, seva inakimbia kama mpya, umeme ukirudi haichukui muda inakufa tena. Na Ijumaa nayo ina ahueni yake, kuanzia saa sita na nusu mpaka kama saa nane mchana inatulia, afu inaharibika upya. Bosi anasema ina jini, nusu utani nusu kweli, keshaniuliza kama kuna mtu wa kuisomea. Nisaidieni kabla hajamleta.

kebo_na_plagi

Dada anza na waya kabla hujagusa kingine. Sisi wa pwani chumvi ya hewani inatumaliza. Gigabiti inataka nyaya zote nane ndani ya kebo ziguse, yaani jozi nne, ukipotea mguso wa waya mmoja tu swichi na kompyuta huwa zinashushana mpaka 100 na hapo hutavuka MB 11 au 12 kwa sekunde hata ufanyeje, maana 100 inatumia jozi mbili tu, namba 1, 2, 3 na 6, hizo zingine hata zikatike haijali. Nishakuta ofisi moja Chumbageni plagi imeota ukijani kwenye vile vimeno vya shaba, wamebadilisha kompyuta, wamebadilisha swichi, kumbe plagi ya kukata na kubana upya kwa dakika tano.

Andika ethtool na jina la kadi ya netiweki uone pale kwenye Speed imeandika 1000 au 100. Afu piga iperf3 kutoka kompyuta yako kwenda seva, iyo inapima netiweki tupu, diski haziguswi kabisa. Ila fanya wakati inakufa, sio asubuhi ikiwa nzima afu uje kutuambia ipo poa.

joto_la_duga

Mi nasema joto. Mchana Tanga unaijua mwenyewe. Feni ya prosesa ikijaa vumbi inajipunguza spidi. Fungua pulizia.

mzee_wa_mafaili

Kebo yuko sawa kukwambia utenganishe netiweki na diski, hilo lifanye. Lakini mwanangu hebu tuangalie namba ulizoleta wewe mwenyewe: 15, 4, sifuri, 40, 7. Waya ulioshuka mpaka 100 hautoi namba hizo. Unatoa 11, 11, 11, 11 kutwa nzima bila kuchoka. Kitu kinachopanda na kushuka namna hiyo mara nyingi ni diski.

Kwa hiyo nina maswali. Diski ni modeli gani, soma lebo herufi kwa herufi. Kuna diski za teknolojia ya SMR, nyuzi za data zinapandiana kama makuti juu ya paa, ukitaka kubadilisha kuti la chini lazima unyanyue ya juu yake, kwa hiyo ukiandika kidogo ipo vizuri, ukiandika kwa muda mrefu kashe inajaa na inaanza kupanga upya mambo yake, hapo spidi inaanguka vibaya. Mwaka 2020 ilikuja kujulikana kwamba hata baadhi ya diski zilizokuwa zinauzwa maalumu kwa seva ndogo zilikuwa SMR na lebo haisemi, watu wa ZFS walilia sana maana kubadilisha diski moja kulikuwa kunachukua siku na siku.

Lakini hata SMR haijui Ijumaa. Kwa hiyo angalia tu tuiondoe kwenye orodha.

Pili, wakati inakufa andika iostat -x 2 utuletee safu ya w_await (muda ambao uandishi unasubiri) na ya %util (diski imebanwa na kazi asilimia ngapi) kwa kila diski. Tatu smartctl -a kwa kila diski, nataka namba 5 (sehemu mbovu zilizobadilishwa), 197 (sehemu zinazosubiri) na 199 (makosa ya kebo ya diski). Nne, huyo wa joto umjibu kwa vipimo, smartctl hiyohiyo inatoa nyuzi joto.

mtu_wa_usagara

Isije kuwa scrub jamani, ile ya ZFS kukagua data yote, mbona hamjaitaja

mzee_wa_mafaili

Scrub ya Debian inajianzisha yenyewe Jumapili ya pili ya mwezi. Angesema Jumapili ningekusikiliza.

volti_240

Wakuu mnazunguka mbali, jibu lipo kwenye swali. Inveta inakimbia, umeme wa ukutani inakufa. Umeme wa mtaa mchana unashuka kila mtu anawasha vyake, usiku mzigo unapungua. Nunua stabilaiza nzuri maliza kazi. Tena inveta yenyewe ukiangalia umeme ukiwepo inapitisha tu umeme ule ule mchafu haiusafishi, ndo maana ukikatika inatumia betri na seva inapumua.

dada_klipu

Asanteni wote, shikamoo mzee. Nimefanya leo saa tano, inakufa kwelikweli.

ethtool inasema 1000. iperf3 inatoa 940 na ushee megabiti, haitikisiki. Kwa hiyo waya mzima, kebo samahani.

Joto diski zipo nyuzi 41 mpaka 44, prosesa hamna kitu inalala tu. Na joto_la_duga fikiria, Ijumaa saa saba ndo jua la utosi, na umeme ukikatika feni ya chumbani inazima, chumba kinakuwa tanuri, ndo kwanza seva inakimbia.

Modeli nimezitafuta zote, hamna SMR hata moja. Tatu ni za seva ndogo za NAS, ya nne (sdc) ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida, bosi alinunua Kariakoo ya mtumba ile ya zamani ilipokufa.

iostat sasa. Asubuhi saa mbili kasoro w_await ilikuwa ms (milisekunde) 6 mpaka 12 diski zote. Saa tano sda 180, sdb 210, sdd 190, na sdc 640. %util zote zipo 100 au karibu na 100, na zinaandika MB 3 tu kwa sekunde!! smartctl namba 5 ni sifuri zote, 199 sifuri zote, 197 ni sifuri kwa tatu ila sdc ina 8.

kebo_na_plagi

Hamna shida dada, waya ukishatoka kwenye orodha ni raha. Iyo sdc basi ndo mchawi, 197 maana yake kuna sehemu nane ameshindwa kuzisoma anasubiri, ichomoe

mzee_wa_mafaili

Usichomoe kitu. RAIDZ1 inavumilia kupotea diski moja tu, ukichomoa sdc leo afu kesho moja kati ya zile tatu ikapiga chafya, harusi za watu zote zimekwenda.

sdc ni mgonjwa, sawa, na kwenye RAIDZ kila uandishi unasubiri wa mwisho amalize, kwa hiyo mmoja akichelewa wote wanachelewa. Lakini tazama zile tatu nyingine. Diski inayomsubiri mwenzake inakaa bila kazi, w_await yake inabaki ndogo na %util inashuka. Hizi zipo 100 zenyewe, ms 180, 210, 190. Zinahangaika kila moja kivyake. Diski nne za umri tofauti na kampuni tofauti haziugui kwa pamoja saa tatu asubuhi zikapona kwa pamoja magharibi. Kuna kitu kimoja kinazipata zote kutoka nje.

Volti_240 anasema kitu hicho ni umeme. Sikatai kwamba umeme unashuka, ila pawasaplai ya kompyuta inapokea umeme wa ukutani na kutoa volti 12 na volti 5, ukishuka kidogo inavuta ampea zaidi na kutoa zilezile, ukishuka sana inazima. Katikati pale hakuna hali ya diski kwenda polepole kwa siku nzima bila kosa hata moja kwenye 199 na bila mashine kujizima. Lakini msibishane na mimi, kipimo chake ni rahisi: mchana umeme ukiwepo na seva ikiwa inakufa, ichomoe inveta ukutani, seva ibaki kwenye betri. Ikipona ni umeme. Isipopona volti atatupa soda.

Na swali langu kubwa ni hili. Umeme ukikatika, haukatiki kwako peke yako, unakatika mtaa mzima. Na Ijumaa saa sita na nusu watu wanaenda msikitini. Mtaani kwenu, jirani yako kabisa, ni nani anazima nini wakati wa swala ya Ijumaa?

dada_klipu

Mzee umenifanya nicheke peke yangu ofisini.

Ukuta wa pili ni mashine ya kusaga na kukoboa. Wanafungua saa tatu kasoro wanafunga jioni, Ijumaa wanafunga kwa swala. Na iyo mashine ni ya umeme.

Afu kuna kitu sikuandika kwa sababu sikujua kina maana. Masika ilipoanza maji yaliingia ofisini, bosi akaleta fundi akapiga shelfu ya chuma ukutani, seva ikapandishwa juu isilowe. Shelfu ipo kwenye ukuta huohuo wa mashine. Nimeenda kuweka kiganja sasa hivi, shelfu inaunguruma mpaka kwenye kiwiko. Glasi ya maji nikiiweka pale juu maji yanafanya vile viduara vidogo vidogo havitulii.

volti_240

Sasa si ndo nilichosema, mota ya mashine inavuta umeme mkubwa taa zinafifia, umeme wako unachafuka

mzee_wa_mafaili

Ndo maana nimesema achomoe inveta mashine ikiwa inasaga. Hapo tu ndo nadharia mbili zinaachana njia, maana mashine ikizimwa umeme unasafika na mtetemo unaisha kwa pamoja, huwezi kujua ni kipi.

Kwa wanaoona mtetemo ni hadithi. Kwenye diski za sasa nyuzi za data zimepangwa karibu mno, kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni nanomita kadhaa kumi kumi, kama elfu moja ya unene wa unywele. Kichwa cha kusoma na kuandika kinatakiwa kikae juu ya uzi huo sahani ya diski ikizunguka mara 7200 kwa dakika. Ukikitingisha kikatoka nje ya mstari, diski kwa usalama inaacha kuandika palepale isije ikafuta uzi wa jirani, inasubiri sahani izunguke tena ijaribu upya, na mzunguko mmoja ni ms 8.3, kwa diski ya 5400 ni ms 11. Ikikosa mara ishirini umeshafika karibu ms 200, namba aliyoleta dada. Na ndo maana kusoma kwake afadhali, kusoma kuna uvumilivu zaidi, ikikosea haiharibu kitu, kuandika haina masihara. Na hamna kosa litakaloandikwa popote, maana mwisho wa siku data inaandikwa sawasawa, imechelewa tu.

Diski nzuri za seva zina vihisi vya mtetemo ndani, zinarekebisha kichwa kabla hakijatoka. Za mezani za kawaida kwa kawaida hazina. Angalia sdc na 640 yake.

Mwisho wa 2008 mhandisi mmoja, Brendan Gregg, wakati huo yupo Sun Microsystems, alisimama mbele ya kabati la diski akazipigia ukelele kwa mdomo wake, mwenzake anarekodi, na grafu ya ucheleweshaji ikapanda palepale. Sauti ya mtu tu. Na Septemba 2016 benki ya ING kule Bucharest walikuwa wanajaribu mfumo wa kuzima moto kwa gesi, gesi ilivyotoka kwa kishindo ikaharibu diski, huduma zikasimama masaa.

mtu_wa_usagara

Sasa mi seva yangu ipo juu ya besi la redio na sisi hapa ni singeli kuanzia saa mbili asubuhi

kebo_na_plagi

Usagara wewe hamisha leo leo 😂

dada_klipu

Majibu haya hapa. Nimesubiri mpaka mashine imechanganya vizuri kuna gunia la watu wa Pongwe linasagwa, seva inaandika MB 5. Nikachomoa inveta ukutani, ikabaki betri. Hamna kilichobadilika, 5, 9, 3, 12. Volti pole.

Afu nikazima seva tukaishusha wawili, tukaiweka juu ya meza ya mninga ya bosi upande wa pili wa chumba, mbali na ukuta ule, chini yake nimekunja vipande vya tyubu ya pikipiki nimeomba kwa fundi wa nje hapo. Nikawasha. Mashine bado inasaga unga unapeperuka mpaka kwetu. Kopi ikaenda 108 ikakaa hapohapo faili lote la GB 60. iostat w_await sda 9, sdb 8, sdd 9. sdc bado inapanda mara 40 mara 90 ila haiui wengine kama mwanzo.

Bosi amekuja akaangalia ile namba akasema tukamdai mwenye mashine. Nikamwambia mwenye mashine alikuwepo hapa kabla yetu, shelfu ndo yetu.

Swali la mwisho mzee, meza ya bosi anaitaka. Na maji yakiingia tena? Nikiirudisha kwenye shelfu nikaweka tyubu nyingi chini yake si itafaa?

mzee_wa_mafaili

Usirudishe kwenye ukuta ule. Mpira unapunguza mtetemo wa haraka haraka, ule mzito wa polepole wa mota unapita, na wakati mwingine mpira laini kupita kiasi unaongeza maana seva inaanza kubembea yenyewe. Mweleze fundi ajenge tofali mbili tatu za saruji sakafuni upande wa mbali, juu aweke slabu nzito, halafu ndo vipande vyako vya tyubu kwenye pembe nne. Uzito ndo unaokusaidia, maji hayafiki, na bosi anapata meza yake. Angalia pia skrubu za diski ndani ya kasha, zikilegea kila diski inaitikisa mwenzake hata bila jirani.

Halafu sdc ibadilishe, hilo halihusiani na mashine tena, nane kwenye 197 ni nane. Nunua ya NAS. Jaribu smartctl -l scterc kwenye ile ya mtumba uone, nyingi za mezani zitakwambia hazina, maana yake ikikuta sehemu mbovu inaweza kung'ang'ana dakika nzima wakati zile za NAS huwa zimewekwa zikate tamaa baada ya sekunde 7 zimwachie ZFS atengeneze kutoka kwenye diski nyingine.

dada_klipu

Hazina kweli, imeandika haisapoti. Diski mpya bosi amekubali kutoa hela. Mlango wa SATA wa tano upo wazi kwenye bodi.

mzee_wa_mafaili

Vizuri sana, basi ya zamani usiitoe. Chomeka mpya kwenye mlango wa tano afu ndo uandike zpool replace, sdc ikiwa bado ipo inasaidia kusomeka, inatoka yenyewe ikiisha. Kabla ya hapo harusi ambazo hujakabidhi zikopi kwenye diski ya nje. Kila diski ina kama TB 2.8 za kazi, kwa MB 100 kwa sekunde ni kama masaa manane na huwa inazidi.

dada_klipu

Jumapili mashine hawafungui. Ntaanza Jumamosi jioni wakishafunga.

mzee_wa_mafaili

Sawa. Jumapili mchana angalia zpool status, safu ya CKSUM (data iliyosomeka tofauti na ilivyoandikwa) ikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri usiandike zpool clear, inafuta hizo namba, iweke hapa kwanza kama ilivyo.